Siagi ya karanga: Kabla ya kumpakia mtoto kwenye mkate, geuza kopo usome

Mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Kondoa wakati wa likizo ya shule. Asubuhi ya kwanza alimkuta mjukuu wake wa miaka sita mezani, kopo la siagi ya karanga mbele yake, kijiko mdomoni. Akalichukua lile kopo, akaligeuza, akanusa, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza.

"Hizi karanga, mwanangu, nani amezichambua?"

Nikacheka. "Mama, hizi ni za kiwandani."

"Za kiwandani sawa. Nimeuliza nani amezichambua."

Sikuwa na jibu. Na nilipoligeuza kopo nikasome nyuma, kwa mara ya kwanza tangu nianze kulinunua, nikagundua kuwa sikuwa na majibu ya maswali mengine mengi. Kwenye orodha ya viambato, baada ya karanga kulikuwa na sukari, kisha mafuta ya mboga, kisha chumvi. Mimi miaka yote nilikuwa najua namnunulia mtoto karanga.

Wazazi wengi wa mjini tuko hivyo. Siagi ya karanga imekuwa mkombozi wa asubuhi: haihitaji moto, mtoto haikatai, na tunaamini inajenga mwili. Imani hiyo si ya uongo. Lakini makopo yaliyopangwa kwenye rafu moja hayafanani, na tofauti yake haipo kwenye picha ya mbele. Ipo kwenye maandishi madogo ya nyuma. Na liko jambo moja kubwa ambalo hata hayo maandishi hayalisemi, ndilo lile aliloliulizia bibi.

Tuanze na yale yanayosomeka.

Mbele ni tangazo, nyuma ni taarifa

Maneno makubwa ya mbele ya kopo yanaandikwa ili ununue. Mengine ni ya kweli lakini hayana maana yoyote. Mfano mzuri ni "Haina kolestro". Kolestro hupatikana kwenye vyakula vinavyotokana na wanyama, kama nyama, mayai na maziwa. Karanga ni mmea. Hakuna siagi ya karanga yenye kolestro ya kutajwa, iwe ya bei ghali au ya bei ya kutupa. Ni sawa na muuza maji kukuandikia kwamba maji yake hayana mifupa.

Neno "asilia" nalo lisikulaze. Linaweza kuandikwa kwenye kopo lenye sukari na mafuta ya mawese, kwa sababu miwa na michikichi pia ni mimea ya asili. Na "ina protini nyingi" ni sifa ya karanga yenyewe, si ya kiwanda.

Kwa hiyo geuza kopo. Tafuta sehemu mbili: orodha ya viambato na jedwali la virutubishi. Ukizoea, zote mbili huchukua dakika moja.

Orodha ya viambato: anayetangulia ndiye mwingi

Kanuni ya orodha hii ni rahisi. Kiambato kilichotumika kwa uzito mkubwa zaidi huandikwa kwanza, kinachofuata hufuata, hadi cha mwisho ambacho ni kidogo kuliko vyote. Siagi ya karanga iliyo bora ina orodha fupi: karanga. Basi. Au karanga na chumvi kidogo.

Kwa kulinganisha, sheria ya Marekani inataka bidhaa inayoitwa siagi ya karanga iwe na karanga zisizopungua asilimia 90 ya uzito wake. Serikali na wenye viwanda walivutana kuhusu kiwango hicho kwa zaidi ya miaka kumi, hadi kilipoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Chini ya hapo, kule kopo haliruhusiwi kutumia jina hilo. Kiwango hicho ni kipimo kizuri cha kubeba kichwani hata ukiwa Kariakoo: lebo ikitaja asilimia ya karanga, iwe 90 au zaidi.

Lakini hata asilimia 10 inayobaki si kitu kidogo. Chukua kopo la gramu 400. Asilimia 10 yake ni gramu 40. Kijiko cha chai cha sukari kina takriban gramu nne. Kama nafasi yote hiyo imejazwa sukari, ndani ya kopo lako mna vijiko kumi vya sukari.

Viambato vinavyojitokeza mara nyingi ni hivi:

*Sukari.* Wakati mwingine huja kwa majina mengine: sirapu, glukosi, dekstrozi, maltodekstrini, hata asali. Kiwanda kikigawa utamu kwenye majina matatu, kila moja hushuka chini kwenye orodha na kuonekana dogo. Yahesabu pamoja. Na kama kopo lina asali, asipewe kabisa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzidhibiti.

*Mafuta ya mboga.* Karanga zina mafuta yake ya kutosha, karibu nusu ya uzito wake. Mafuta ya ziada huwekwa kwa sababu mbili: kuizuia siagi isijitenge, au kuongeza ujazo kwa kitu cha bei nafuu kuliko karanga. Yakiwa mwisho wa orodha, huenda ni kwa sababu ya kwanza. Yakishika nafasi ya pili, jiulize.

Ukiona neno "hydrogenated" kwenye lebo ya Kiingereza, maana yake ni mafuta yaliyobadilishwa kiwandani ili yagande. Hapa soma kwa makini zaidi. Yaliyogandishwa nusu, ambayo hutanguliwa na neno "partially", ndiyo yanayobeba mafuta hatari kwa moyo ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) limekuwa likizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye vyakula tangu mwaka 2018. Kopo lenye maandishi hayo lirudishe kwenye rafu. Yaliyogandishwa kabisa hayana tatizo hilo na kwa kawaida huwekwa kidogo sana, ingawa nayo ni mafuta mazito.

*Chumvi.* Kidogo inakubalika. Kumbuka tu kwamba mkate una chumvi yake, blubendi ina yake, na mchuzi wa jioni una yake.

Mafuta yaliyoelea juu si dalili ya kuharibika

Hapa wengi tunakosea. Unafungua kopo, unakuta mafuta yameelea juu na chini pamekauka, unasema imeharibika au umeuziwa feki. Unarudi dukani kununua ile laini iliyonyooka kama losheni.

Ukweli ni kinyume. Karanga tupu zikisagwa, mafuta yake hujitenga baada ya siku kadhaa, kwa sababu hakuna kilichowekwa kuyazuia. Ile isiyojitenga miezi sita ndiyo iliyoongezwa kitu. Koroga vizuri kwa kijiko kikavu, au kalishe kopo kichwa chini usiku mmoja kabla ya kulifungua. Usiyamwage hayo mafuta. Ni sehemu ya chakula, na ukiyamwaga utabaki na siagi ngumu ya kumkaba mtoto.

Kinachoonyesha kuharibika ni harufu. Mafuta yaliyochacha hunuka kama rangi ya ukutani au mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mara nyingi. Hiyo tupa.

Jedwali: soma safu ya gramu 100

Jedwali la virutubishi mara nyingi lina safu mbili: moja ya kila mlo na nyingine ya kila gramu 100. Achana na ya mlo unapolinganisha makopo mawili. Kiwanda kimoja kinaweza kuita gramu 15 mlo, kingine gramu 32, na yule wa gramu 15 akaonekana ana sukari nusu ya mwenzake hali ni sawa. Gramu 100 ni gramu 100 kila mahali.

Namba nne zinatosha.

*Protini.* Hii ndiyo mizani ya kujua karanga ni nyingi kiasi gani. Siagi ya karanga tupu ina takriban gramu 22 hadi 26 za protini kwa kila gramu 100. Sukari haina protini. Mafuta hayana protini. Kwa hiyo jedwali likisoma gramu 17, kuna kitu kimekaa mahali pa karanga. Huhitaji kuwa mtaalamu wa lishe kuliona hilo.

*Sukari.* Karanga zenyewe zina sukari kidogo ya asili, karibu gramu nne au tano kwa gramu 100. Ukiona tano na orodha ya viambato haina sukari, usitishike. Ukiona kumi, karibu nusu imeongezwa. WHO inashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke hadi asilimia tano. Mtoto anayekunywa chai ya sukari, juisi ya pakiti na biskuti ya mapumziko ameshafika huko kabla ya kugusa mkate.

*Mafuta mazito*, ambayo kwenye lebo ya Kiingereza huitwa "saturated". Jumla ya mafuta kuwa gramu 50 ni kawaida, na sehemu kubwa ni mafuta mazuri kwa moyo. Mazito yawe chini ya gramu kumi au hapo hapo. Yakipanda hadi 13 au 15, rudi kwenye orodha, utakuta mawese au mafuta ya kugandishwa.

*Sodiamu.* Siagi isiyo na chumvi ina sodiamu ndogo sana, chini ya miligramu 20 kwa gramu 100. Zenye chumvi nyingi hufika miligramu 400 na zaidi. Ukitaka kujua ni chumvi kiasi gani, zidisha kwa mbili na nusu: miligramu 400 za sodiamu ni gramu moja ya chumvi.

Inampa nini mtoto, na nini haimpi

Vijiko viwili vya chakula vya siagi ya karanga, yaani gramu 32, vina takriban kalori 190 na gramu saba za protini. Yai moja lina protini karibu gramu sita. Ndiyo maana kijiko cha karanga kwenye uji wa mtoto anayepungua uzito ni msaada wa kweli: tumbo lake ni dogo, na kitu kidogo kinambebea nguvu nyingi. Karanga pia zina magnesiamu, foleti, vitamini E na nyuzinyuzi.

Lakini haina vitamini A wala C ya maana, na kalisi yake ni ndogo. Protini yake nayo ina pengo, na maharage hulijaza vizuri. Mtoto aliyekula mkate mweupe na siagi ya karanga asubuhi, akapewa vilevile mchana, ameshiba lakini hajala. Embe, papai, mchicha, dagaa na maziwa bado vina kazi yao.

Kwa mtoto mdogo, namna ya kumpa ni muhimu kuliko chapa ya kopo. Karanga nzima asipewe aliye chini ya miaka mitano, zinapalia. Siagi nzito kwenye kijiko nayo inaweza kunasa kooni. Ukishaanza kumlisha vyakula vya ziada akitimiza miezi sita, chukua kijiko kimoja cha chai, kiyeyushe kwenye uji wa moto hadi uji uwe laini, uache upoe, kisha mpe.

Kuhusu mzio, ushauri wa zamani ulikuwa kumchelewesha mtoto hadi akue. Umebadilika. Utafiti wa LEAP uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia watoto 640 waliokuwa kwenye hatari kubwa ya mzio, baadhi wakianzishiwa karanga mapema na wengine wakinyimwa hadi miaka mitano. Walioanza mapema walipata mzio wa karanga kwa kiwango cha chini sana, pungufu ya zaidi ya asilimia 80. Hata hivyo, kama mwanao ana pumu ya ngozi kali au tayari amewahi kudhurika na yai, muone daktari kwanza. Na siku ya kwanza mpe kidogo, mchana, ukiwa naye. Midomo ikivimba, vipele vikimtoka, akitapika au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali.

Lile ambalo lebo haisemi

Sasa turudi kwenye swali la bibi.

Kwao karanga haziingii kwenye kinu bila kupita kwenye ungo. Anakaa barazani, ungo mapajani, anaondoa moja moja: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na mdudu, yenye ukungu. Zamani zile mbovu walikuwa wanawarushia kuku. Siku hizi anazifukia. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Tangu ule mwaka wa maradhi ya mahindi."

Ule mwaka ni 2016. Katika baadhi ya vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara, yakiwamo maeneo ya Kondoa na Chemba, watu walianza kuvimba matumbo, kutapika na kuwa na macho ya njano. Waliougua walikuwa zaidi ya 60, na karibu 20 walifariki, wengi wao watoto. Chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi waliyolima na kuyahifadhi wenyewe. Miaka 12 kabla yake, mwaka 2004, sumu hiyo hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, katika wilaya kama Makueni na Kitui.

Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mazao, na mazao mawili unayoyapenda kuliko mengine ni mahindi na karanga. Karanga hukomaa udongoni, ukungu huo huo unakoishi. Zikipata ukame shambani, zikavunwa na kuanikwa chini, kisha zikawekwa kwenye gunia zikiwa na unyevu, ukungu hushamiri.

Aina inayotisha zaidi inaitwa aflatoksini. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Inashambulia ini, na hatari huongezeka maradufu kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Tafiti pia zimeihusisha na kudumaa kwa watoto, jambo zito katika nchi ambayo utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kuchemsha hakuiondoi. Kukaanga hupunguza kidogo tu.

Na hapa ndipo siagi ya karanga inapotofautiana na karanga za kutafuna. Karanga nzima, jicho lako ni mkaguzi. Punje mbovu unaiona na kuitupa, ikikuponyoka ukaitafuna, uchungu wake unakufanya uiteme. Ikishasagwa, imekwisha. Imechanganyika na nzuri, imewekwa chumvi na sukari, huioni wala huisikii. Na biashara ilivyo, karanga kubwa nzuri huuzwa nzima kwa bei nzuri. Zilizovunjika na kusinyaa ni za bei rahisi, na mtu asiye mwaminifu anajua pa kuzificha ni kwenye mashine ya kusagia.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu kumi za aflatoksini kwa kilo ya karanga. Ni kidogo mno kiasi kwamba punje moja iliyoathirika vibaya inaweza kutosha kuipitisha kilo nzima. Ndiyo maana kuchambua ni kila kitu. Sumu haikai sawasawa kwenye gunia, hukaa kwenye punje chache. Ukiziondoa hizo, umeondoa sehemu kubwa ya sumu.

Na lebo nzuri haitoshi. Mapema mwaka 2019, Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa chapa saba za siagi ya karanga baada ya kuzikuta na aflatoksini kupita kiwango. Hazikuwa za kufungwa kwenye mifuko ya rambo gizani. Nyingine zilikuwa kwenye rafu za maduka makubwa, zina vifuniko vya rangi na picha nzuri.

Mzazi afanye nini basi?

Hutabeba maabara kwenda nayo dukani. Lakini unaweza kupunguza hatari.

Kwanza, nunua kopo ambalo mtu anaweza kulaumiwa kwalo. Liwe na alama ya ubora ya TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa vyakula, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Alama haikuhakikishii kila kijiko, lakini ina maana kuna aliyepima, na likitokea tatizo kuna wa kumfuata. Kopo lililotumika tena, lisilo na jina, halina wa kumfuata.

Pili, kama unanunua kwa mama anayesaga mtaani, muulize bila aibu. Wapo wanaofanya kazi safi kuliko viwanda. Karanga anatoa wapi? Anazichambua kabla ya kukaanga, na tena baada ya kumenya? Zile mbovu anazipeleka wapi? Mwenye kuchambua kweli atakuonyesha ungo wake kwa furaha. Anayekasirika amekujibu.

Tatu, ukiweza, tengeneza mwenyewe. Nunua karanga kavu, nzima, za rangi moja. Chambua. Kaanga kwa moto mdogo hadi zitoe harufu na ganda jembamba litoke kirahisi. Menya, kisha chambua tena, kwa sababu zilizobadilika rangi huonekana vizuri zikiwa hazina ganda. Saga kwa blenda kidogo kidogo, ukiipumzisha isiungue. Mwanzo utaona unga mkavu, endelea, mafuta yatatoka yenyewe na itakuwa laini. Ukienda kwenye mashine ya sokoni, simama usagiwe zako na uone imesafishwa baada ya mteja aliyetangulia. Tengeneza ya wiki mbili tatu, iweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Kwa joto la Dar es Salaam, iweke kwenye friji kama unalo.

Nne, punje mbovu usiwape kuku wala ng'ombe. Ng'ombe anayelishwa aflatoksini huitoa kwenye maziwa, na maziwa hayo yanarudi kwenye kikombe cha mtoto yule yule uliyekuwa unamkinga.

Tano, usisage karanga pamoja na mahindi ya uji wa lishe na kuuweka mwezi mzima. Unga huo huchacha haraka na huficha mengi. Saga nafaka peke yake, siagi ya karanga iongeze kwenye uji unapopika.

Na sita, usimzoeze mtoto chakula kimoja. Leo karanga, kesho yai, keshokutwa parachichi. Hata kama siku moja utakosea kopo, hatakuwa amelila kila siku.

Dakika moja mbele ya rafu

Kwa anayesoma haya akiwa dukani: karanga ziwe za kwanza, na orodha iwe fupi. Protini 22 au zaidi kwa gramu 100. Sukari karibu na tano. Mafuta mazito yasipite kumi kwa mbali. Kusiwe na neno "partially hydrogenated". Alama ya TBS, bechi na tarehe ziwepo. Mafuta yakielea juu, usiogope.

Nyumbani kwetu, lile kopo la zamani liliisha na hatukununua jingine la aina yake. Mwanzoni binti alinuna, akasema mpya haina utamu. Tukaipaka mkate na kuweka vipande vya ndizi mbivu juu. Wiki ya pili aliacha kulalamika.

Bibi amesharudi Kondoa, lakini aliniachia ungo. Jumamosi nikichambua, binti yangu hukaa pembeni na kunisaidia. Juzi aliinua punje moja nyeusi, akaiangalia kwenye mwanga, akaniuliza kama hiyo ni mbovu au imeungua tu. Nikamwambia sijui, mwanangu. Itupe.